Kinusi na Kanga ya Raya

Kinusi kilivuka barabara kwa miguu yake sita, pua chini, na magari yasiyo na madereva yakasimama kukipisha. Kilikuwa na ukubwa wa mkoba wa shule. Kila binadamu ana harufu yake, na Kinusi kikishaionja humfuata mwenyewe popote alipo. Harufu ikikutana na joto la mwili, kinamgusa goti na kutangaza kwamba amepatikana. Kabla ya hapo hakizimwi. Mwanakheri, mhandisi aliyekibuni, alitaka hivyo ili watekaji wasikinyamazishe. Hakijawahi kukosea, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Leo kilimtafuta Raya, shoga wa Mwanakheri wa tangu utotoni, aliyetoweka juzi. Sefu, mume wa Raya, alikuja akilia, amekumbatia mto wa mkewe.

Kinusi kikawapeleka moja kwa moja nyumbani kwa Mwanakheri.

Alimwomba Sefu asubiri getini. Ndani, kilisimama mbele ya kabati la Hamdu, mume wa Mwanakheri. Chini ya mashati ilikuwepo kanga ya Raya, bado inanukia udi. Shati la bluu, alilomnunulia Hamdu kwa sikukuu, halikuwepo. Kinusi kikatokea mlango wa nyuma, kikaendelea.

Raya alizoea kumtania: ukimchoka Hamdu, shoga, niazime. Walikuwa wakicheka wote watatu. Sasa Mwanakheri aliukumbuka ule utani, wivu ukampanda.

“Amepita hapa,” alimwambia Sefu. “Kifuate, kitakufikisha.”

Alitaka waaibike wote wawili.

Hamdu aliporudi kutoka kazini alirushiwa ile kanga usoni. Hakukana. Alieleza kwamba Raya alikuja hawezi hata kuketi, mbavu zimevimba kwa kipigo cha Sefu. Akavaa shati la Hamdu ili apunguze harufu ya udi, akaenda kujificha karibu na stesheni akisubiri treni ya sumaku ya jioni hii, aende kwa shangazi yake Songea.

“Mbona hukuniambia?”

“Aliniapisha. Alisema Sefu akija kwako na machozi, utampa Kinusi.”

Mwanakheri aliokota kanga, akajifunga, akachukua pikipiki ya Hamdu.

Alikikuta karibu na lango la stesheni, kinapanda ngazi, Sefu nyuma yake. Alikipita mbio, jasho likimtoka, akasimama mbele yake. Kinusi kikasita. Kikainua pua. Kisha kikamgusa goti, taa ikawaka kijani.

“Amepatikana,” kikasema.

Macho ya Sefu yalikuwa makavu. “Hiyo kanga ya mke wangu.”

“Alinipa mwenyewe. Kumbe muda wote kinanifuata mimi, ndiyo maana kikakuleta kwangu.”

“Ulisema hakikosei.”

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Wengine walimfahamu, walimwona kwenye taarifa za habari akisifiwa. Nyuma yake milango ya treni ilikuwa bado wazi. Mwanakheri akapaza sauti ili kila mtu asikie.

“Kimekosea, shemeji. Mashine yangu inakosea.”

Milango ikafungwa.