Laini ya Mtu Mmoja

Soko la Andoany, hapa kisiwani, siku ya Jumamosi halina adabu. Unasukumwa na wauza muhogo, unakanyagwa na watalii wenye kaptura, na ukisimama kumsalimia mtu unaambiwa umeziba njia. Humo ndimo Zaïtoun alimojikuta kichwa wazi. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, nyaya zimemning'inia shingoni kama shada la bwana harusi, alipita kwa pupa. Plagi moja ikanasa kwenye kisaly chake, ile shuka ya manjano aliyojitandia kichwani na mabegani, ikaondoka nayo.

"Wewe! We mwenye nyaya! Rudisha nguo ya watu!"

Kijana akageuka, akaiona shuka inamfuata nyuma kama mkia.

"Samahani, dada. Sikuhisi."

"Umenivua mbele ya Andoany nzima, hukuhisi?"

"Basi nikuvishe mwenyewe?"

"Univishe wewe, kisha uende kumtafuta kadhi!"

Wauza mboga wakaangua kicheko. Zaïtoun na kijana walikuwa wakisemezana kwa Kimalagasi cha pwani, lakini kijana alipojilaani kwa Kikomoro, Zaïtoun akatabasamu bila kutaka. Kumbe mtu wa kwetu.

Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshaingia, imekaa, imekunywa chai. Mama Mkubwa Charifa alikuwa kizingitini, mikono kiunoni, na nyuma yake mama wadogo wamejipanga kama wako kwenye maulidi.

"Mwanamume gani amekuvua kisaly?"

"Waya, mama. Waya ndio ulionivua."

"Na waya huo una jina?"

Jina alilipata Jumatatu. Zaïtoun alikuwa mwangalizi wa vyumba vya baridi kwenye ghala la kampuni ya kambamiti, pale karibu na bandari. Kila saa alipita mlango kwa mlango akisoma vipima joto, maana chumba kikipata joto, kambamiti wa msimu mzima wanakuwa chakula cha paka. Siku hiyo akamkuta kijana amepiga magoti chini ya kipima joto cha kwanza, bisibisi mdomoni.

"Ala! Mwizi wa nguo!"

"Elarif," alisema kijana, akainuka. "Natoka Mahajanga, ofisi kuu. Leo siibi. Naunganisha."

Akamwonyesha kisanduku cha chuma, kidogo kama kipande cha sabuni. Vipima joto vile, alimweleza, ni vya kizamani. Waya wake unaongea na kompyuta iliyo jirani tu, basi. Kisanduku kinayachukua maneno ya waya na kuyatia kwenye mtandao, na mtu aliye mbali anayasoma kama yuko hapa.

"Ila kina wivu," alisema Elarif. "Kila tundu linakubali msikilizaji mmoja. Aliyetangulia akishaingia, wa pili anabaki nje anagonga."

"Kama nyumba yetu."

"Nyumba yenu ina nini?"

Zaïtoun akamweleza, naye si mtu wa kueleza. Nyumba ile ya mawe wajomba zake walimjengea yeye tangu hajaota meno, kama desturi: binti anapewa nyumba, na siku ya ndoa mume ndiye anayeingia. Wenzake walimwonea gere. Lakini binti mwenye nyumba hatoki ovyo. Kwenda sokoni ni kwa saa, kwenda harusini ni kwa msafara. Amezaliwa humo, ataolewa humo, na jeneza lake litatokea humo. Mlango wake mmoja tu wa kwenda duniani ulikuwa kazi hii, na kazi hii mama zake waliikubali kwa sababu ghala linaonekana kutoka barazani.

"Nikiwa hapa," alisema, "hakuna anayeniuliza naenda wapi."

Elarif akayakwepa macho yake. Akarudi chini kwenye skrubu zake.

Alikaa Andoany mpaka visanduku vyote vikashika. Walicheka kwenye baridi ile hadi pumzi zao zikafanya ukungu mmoja. Alimwita "laazizi" kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha. Aliporudi Mahajanga simu zikaanza.

"Laazizi, nakuona. Chumba cha pili umekifungua sasa hivi, joto limepanda."

"Unanichungulia?"

"Nachungulia barafu. Wewe nakuota."

"Muongo wee! Mtaa wako wote huo wa Mangarivotra umekosa wasichana?"

"Wamejaa. Ila hakuna aliyenitukana sokoni."

Zaïtoun alikuwa akijifunika shuka gubigubi, asisikike, maana katika nyumba ile hata ukuta una shangazi.

Kisha siku moja Houmadi, msimamizi wa ghala, akamwita, uso umejaa huruma ya kuazima.

"Mwanangu, Mahajanga sasa wanasoma vipimo wenyewe. Mwisho wa mwezi utapumzika. Si utaolewa tu?"

Zaïtoun hakungoja jioni. Alipiga simu pale pale, nyuma ya mapipa ya chumvi.

"Elarif, ulijua?"

Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa.

"Nakuuliza, ulijua visanduku vyako vinakula kazi yangu?"

"Nilijua. Nilitaka nikwambie uso kwa uso, kila siku nikasema kesho..."

"Nilikwambia mlango wangu ni mmoja. Ukanisikiliza, ukainama, ukaendelea kukaza skrubu!"

Akakata. Nyumbani mama zake walipopata habari walifurahi waziwazi. Charifa alitoa mapazia mapya. Mchumba alikwishaonekana, Bourhane mwenye duka la vitambaa, mtu mzima, mpole, anayelala baada ya kila mlo. Zaïtoun aliyatazama mapazia yakipanda dirishani, moja, jingine, na chumba kikipungua mwanga.

Kesho yake alifika ghalani kabla ya watu, hata Mahajanga hawajafungua ofisi. Akawasha ile kompyuta ya zamani, akaingia kwenye visanduku vyote, kimoja kimoja, kama alivyomwona Elarif akivijaribu, na hakutoka. Vyumba alivisoma kama kawaida, kambamiti hawakuwa na kosa. Lakini Mahajanga kioo kilikuwa kitupu.

Simu ikalia. Hakuipokea. Ikalia tena. Akaigeuza kifudifudi. Ujumbe ukaingia: *Laazizi, najua ni wewe. Mkubwa wangu ananiambia visanduku ni vibovu na mimi ni mbovu zaidi.* Akaufuta, kisha akajuta, kwa sababu ulikuwa na neno laazizi.

Elarif alikuja mwenyewe. Barabara ilimtafuna, boti ikamtapika, akaingia ghalani vumbi mpaka kwenye kope, shati lile lile jeupe limekuwa la udongo.

"Umekuja kunitoa," alisema Zaïtoun, kiti chake akikishika kwa mikono miwili.

"Kukutoa ningeweza nikiwa Mahajanga. Nabonyeza mahali pamoja, laini inakatika, naingia mimi."

"Mbona hukubonyeza?"

"Wanaokufungia milango wanatosha." Akakaa sakafuni. "Nilikosa, Zaïtoun. Ningekwambia siku ile ile. Niliogopa usingecheka nami tena. Nioe... yaani, nikuoe. Nitaingia nyumba yako, nitakaa na mama zako wote."

Zaïtoun akalitazama lile shati lake la udongo. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Ndoa ile ingekuwa pazia jingine, zuri kuliko yote.

"Kule Mahajanga, nani anakaa mbele ya kioo?"

"Bado hawajampata. Vijana wanaona namba tu, hawajui chumba kikiumwa kinaanzaje."

"Mimi najua."

"Unajua kuliko... Zaïtoun! Na mimi nimepangiwa huku, visanduku vya ghala la Ambanoro, hapa jirani, bado!"

"Basi. Wapigie simu sasa hivi, nisikie. Wakinikubali, na mimi nimekukubali."

Akapiga, spika ikiwa wazi, Zaïtoun mwenyewe akajibu maswali, na mkubwa wa Mahajanga akasema aje. Zaïtoun ndipo alipoachia laini.

Harusi ilijaa hadi barabarani. Elarif aliingia nyumba ya mkewe kwa joho na kanzu, akapigiwa vigelegele, akalishwa mpaka akaomba msamaha. Siku za fungate zilipokwisha, bibi harusi akatoka na sanduku la nguo.

"Mke amwache mume nyumbani aende kazini ng'ambo?" Charifa akapiga kofi. "Tumelisikia wapi hilo?"

"Desturi inataka mume aingie nyumba ya mke, mama. Huyo hapo, ameingia. Haijasema mke asitoke."

Charifa akawageukia wenzake wamsaidie. Mama mdogo mmoja alikuwa ameficha kicheko kwenye kisaly chake. Nje teksi ilikuwa inapiga honi.

Jioni moja Mahajanga, kazi imekwisha, Zaïtoun akitembea peke yake kando ya bahari, simu ikalia.

"Laazizi, mama zako wananilisha mara ya tatu. Wananiuliza naenda wapi hata nikiinuka kunawa."

"Pole, roho yangu."

"Nimekukosa mpaka mifupa inauma. Uko wapi?"

"Nje."

"Unaenda wapi?"

Zaïtoun akasimama njia panda, upepo ukimpiga usoni, akatazama huku, akatazama kule, machozi yakimlenga kwa ajili ya mume aliyekaa mahali pake kule nyumbani.

"Bado sijaamua," alisema.