Hodi ya Kwenye Diski

Jirani yetu, fundi kompyuta, alikuwa na kauli yake kwa kila mteja aliyelalamika kuwa diski haisomi: "Haina kosa, ni jicho la mashine limechoka." Mchana ule aliyechoka alikuwa yeye. Alikuwa ametoka kumuuguza binti yake, kitinda mimba, aliyelala chumba cha nyuma ya duka, homa ikimpanda na kumshuka itakavyo. Kaka wa binti huyo, yeye na mkewe walishamzika. Huyu ndiye mtoto pekee aliyewabakia.

Binti aliomba kitu kimoja tu, gemu la mbio za magari alilokuwa akicheza na kaka yake. Diski ilikuwepo, kwenye kasha lake. Mke wa fundi akasimama mlangoni.

"Baba watoto, vya marehemu viache vipumzike."

"Mtoto kaomba gemu, mke wangu, hajaomba mwezi."

Akaingiza diski. Mstari wa kupakia ukaenda vizuri, ukakaribia mwisho, ukakwama. Diski haisomeki. Akaitoa, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, maana ukiifuta kwa kuizungusha unazidi kuichuna. Ikakwama palepale. Akasafisha lenzi kwa pamba na spiriti. Palepale. Akapunguza kasi ya kusoma, akabadilisha hata kifaa cha kusomea. Ng'o! Ubishi wa marehemu mwenyewe huu, alijisemea, akacheka, kisha machozi yakamlengalenga.

Mwisho akaiosha kwa maji na sabuni. Akafunga mlango wa mashine, akalaza kichwa juu ya kaunta. Uchovu ulikuwa umemwingia mpaka mifupani.

Ngo, ngo, ngo.

Wateja wake hugonga kaunta hivyohivyo. Bila kufumbua macho, akajibu kama ajibuvyo kila siku.

"Karibu, pita ndani."

Hakuna aliyepita. Mlio ule ulikuwa umetoka ndani ya mashine. Fundi akainua kichwa, akauona mstari ukisogea. Ukajaa.

Hakutaka kujiuliza. Akabeba kompyuta, waya wake mrefu ukiwa bado kwenye umeme, mpaka kitandani kwa binti. Mtoto akaketi mwenyewe, jambo ambalo hawakuliona tangu augue, akaomba pedi zote mbili za kuchezea gemu.

"Ya pili ya nani?"

Binti akatabasamu, akaiweka ya pili sakafuni.

Fundi akarudi kaunta kukusanya vifaa vyake. Pale kwenye kitambaa, diski ilikuwa imelala. Mbichi bado kwa maji. Hakuwa ameirudisha. Mashine ilikuwa tupu.

Chumba cha nyuma, mtoto alikuwa anacheka.

Akaenda mbio. Kwenye kioo magari mawili yalikimbizana. Pedi moja ilikuwa mikononi mwa binti. Ya pili ilikuwa sakafuni, haijashikwa na mtu. Kitufe chake kilibonyea. Kikaachia. Kikabonyea.

"Baba," binti akanong'ona, "kaka anasema asante kwa kumkaribisha."

Binti akaendelea kucheza.

"Anasema ni mgeni wetu. Akiondoka, nimsindikize mimi."

Mkono wa fundi ukaufuata waya wa umeme. Mkewe akaudaka.

"Usizime!" Hakuuachia. "Ukizima, si ndiyo ataondoka?"

Homa ilimtoka binti jioni ileile, haijarudi. Ni mzima, anasoma, na utundu wake tunaujua mtaa mzima. Ila kompyuta ile haijazimwa tangu siku hiyo. Fundi ameifungia betri mbili kwa ajili ya umeme kukatika, na analala kwenye kiti kando yake, amekonda, macho mekundu. Ukimuuliza, atakwambia anapakua kitu kizito.

Lakini juzi nilipeleka simu yangu dukani, nikaisikia kwa masikio yangu. Ngo, ngo, ngo, ndani ya mashine isiyo na diski. Mama wa watu akaacha kufagia, akainamia kioo, akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Bado mapema, mwanangu. Kaa kidogo."