Sweta ya Fardowsa

Kiti kilikuwa na joto.

Suleman alikikalia kama alivyozoea kukalia kila kitu maishani, kwa kishindo na bila kutazama, kisha akainuka haraka kuliko tumbo lake lilivyozoea. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Migori linapasua mabati, mkewe Shamima yuko uani anaanua nguo, ndani hamna mtu mwingine. Lakini kile kitambaa cha kroshia kwenye kiti kidogo cha karibu na dirisha kilikuwa na joto la mtu aliyeondoka sasa hivi. Akakipapasa, akacheka peke yake. Mwanamume aliyeendesha lori kutoka Mombasa hadi Kigali miaka kumi na tisa, akalala porini simba wakinguruma, leo anaogopa kitambaa.

Kiti hicho kilikuwa cha mtoto wao.

Fardowsa alifariki katika zile mvua za Elnino, malaria ya siku mbili, akiwa na miaka minane. Wakati huo Suleman alikuwa ameshaacha lori na kufungua duka la nyuzi, zipu na vifungo mjini, na mtaa mzima ulimwita Baba Fardowsa. Hata baada ya mazishi waliendelea kumwita hivyo, maana hawakumjua kwa jina lingine, naye aliitika, kila mara kama mtu aliyekanyaga msumari akajikaza asichechemee.

Nguo za marehemu hutolewa sadaka. Shamima alizitoa zote isipokuwa sweta ya shule, ile ya kijani. Hiyo aliikata mishono, akaifumua, akaufua uzi na kuutundika kambani na chupa ya maji imefungwa chini ili unyooke, kama wanawake wengi wa mji wanavyofanya na sweta za mitumba. Suleman aliona. Afadhali mikono yake ipate kazi, alijiambia, na uzi wa kuongezea akamletea mwenyewe kutoka dukani.

Mwanzoni vilikuwa vitambaa tu: vya makochi, cha redio, cha kufunikia mtungi. Suleman alitania kwamba siku akisinzia sebuleni naye atafunikwa. Kisha Shamima akahamia chumba cha mtoto na kuanza kufuma vitu vyenyewe. Alifuma birika, akalichovya kwenye maji mazito ya sukari hadi likasimama wima. Akafuma vikombe vitatu, na jiko lenye makaa yake mekundu. Akafuma kitanda na mto, na chandarua, ambacho alikifumua na kukirudia mara nne, kila mara akisema matundu bado makubwa.

Benta, fundi cherehani wa nyumba ya pili, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alimsimamisha Suleman mlangoni akiwa na sindano mdomoni.

"Baba Fardowsa, huko kwako nani anapika chai ya tangawizi mchana?"

Suleman akamjibu kwamba hakuna, Shamima amelala.

"Ai yawa," Benta akasema polepole. "Basi nani anaimba?"

Suleman aliingia ndani akivua viatu bila kujua kwa nini anavivua. Shamima kweli alikuwa amelala. Harufu ya tangawizi ilikuwa imejaa kwenye ukumbi, na kadiri alivyokikaribia chumba cha mtoto ndivyo ilivyozidi, ikachanganyika na harufu ya sufu mbichi, harufu ya sweta iliyorudi na mvua kutoka shuleni, hata alipousukuma mlango kwa kidole kimoja aliona mdomo wa birika la uzi umelowa na mvuke unapanda kutoka mahali pasipo na moto, na nyuma ya chandarua, juu ya kile kitanda, amekaa mtoto wa uzi wa kijani, mikono imekamilika hadi kucha, viatu miguuni, na juu ya shingo hakuna uso, ni vitanzi tu vilivyoachwa wazi vikisubiri sindano, na mguu mmoja ulikuwa unabembea, unagonga kitanda taratibu, kama Fardowsa alivyokuwa akigonga akisubiri chai ipoe.

Suleman alikaa uani hadi magharibi. Shamima alipoamka alimfuata huko, akajikunyata kando yake, akamuuliza kwa kunong'ona lile jino la mtoto lililong'oka lilikuwa la juu au la chini.

Suleman alilitafuta jibu. Halikuwepo. Aliitoa picha ya mtoto pochini, akaona mtoto wa watu.

"Siwezi kumalizia uso," Shamima akasema. "Kila nikimfuma kidogo, ananitoka kidogo. Na nikiacha, ananiita."

Kesho yake Suleman alikwenda Homa Bay kumleta Maalim Abdihakim, mtu mfupi mwenye koti la suti juu ya kanzu na kikohozi kisichoisha. Baada ya alasiri Maalim aliwasha ubani mlangoni mwa kile chumba, akasoma. Alipofika mahali fulani mguu ukaacha kubembea. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto, lakini ilikuwa imechoka kama ya mzee.

"Sikuvunja mlango wa mtu," ikasema. "Nilikuta kiti, kikombe, kitanda. Nani hutandika kitanda kisha akashangaa mtu amelala?"

Maalim akakiuliza kitu hicho kinakula nini humo ndani.

"Kumbukumbu zao za mtoto. Kwangu ni nyepesi. Wao ndio zinawalemea."

Maalim akamgeukia Shamima. Akamwambia kwa upole kwamba nguo iliyopaswa kutoka haikutoka, na sasa kazi ya kroshia haifumuki kutoka mwanzo, hufumuka kutoka kitanzi cha mwisho, na anayekijua ni aliyekifuma.

Shamima aliingia ndani ya chandarua, akamkalisha yule mtoto mapajani. Akashika kitanzi cha shingo. Akavuta.

Uzi ulikuja kwa sauti ya mvua ndogo. Mabega yakaisha, kisha mkono mmoja, na Shamima akasema, "La chini. Jino lilikuwa la chini," akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuacha kuvuta.

Suleman naye alirudishiwa. Alirudishiwa asubuhi ya ile Jumatatu, mtoto amesimama mlangoni anasema kichwa kinauma, na yeye, mcheshi wa mtaa mzima, anamwambia huo ni ugonjwa wa Jumatatu, dawa yake ni shule. Mtoto alicheka. Akaenda na mvua. Akarudi anatetemeka. Shamima alikuwa msibani Isebania na hakuwahi kuambiwa. Ndipo Suleman alipotambua kwamba wiki zote hizi za uzi hakuwa ameikumbuka asubuhi ile, na kwamba usiku alikuwa akilala usingizi mzuri.

Walivitoa vitu vyote uani na kuvifumua, birika, jiko, kitanda, hadi ikabaki milima ya uzi. Maalim akauliza kama vimekwisha.

"Vimekwisha, Maalim," Suleman akasema. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umefumbata kiatu kimoja cha yule mtoto wa uzi.

Uzi ukatolewa sadaka. Shamima alianza kula. Alimtaja mtoto kila siku, akamsimulia, siku nyingine hata akacheka, na Suleman alicheka naye pale alipodhani panafaa. Mchana, mteja asipokuwepo, alikitoa kile kiatu kwenye droo ya kaunta, akakishika, kikaanza kupata joto. Kumbukumbu ya ile asubuhi ya Jumatatu ikaanza kumtoka. Ikafuata mvua, ikafuata sauti ya mtoto. Akanenepa tena. Watu wakasema Mungu amempa subira.

Siku moja ya mwezi wa nane Benta alisimama mlangoni mwa duka.

"Baba Fardowsa, sindano za cherehani namba kumi na nne ziko?"

Suleman aliinua kichwa akitabasamu, kisha akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Dukani hamkuwa na mtu mwingine.