Mitungi ya Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ndila alimkandia mama yake udongo. Mama yake, Syokau, alikuwa mfinyanzi, na mitungi yake ya maji ilisifiwa kutoka Gatuanyaga mpaka soko la Thika. Mwezi huo alikuwa amepata kazi kubwa. Jeconia, nyapara wa shamba la mkonge, alitaka mitungi sita ya kuwawekea wakata mkonge maji ya kunywa. Ikimpendeza, angeagiza ya kambi zote. Isipompendeza, angenunua mapipa ya chuma, na kazi ya Syokau ingeishia hapo.

Mitungi ilipokuwa tayari, Syokau alikwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Huku nyuma Ndila aliitazama, akaiona imepauka mno. Palikuwa na kopo la rangi ya mafuta lililobaki baada ya kupaka mabati ya kanisa. Basi bila kumuuliza mtu, akaipaka yote kijani, nje kote, akaianika juani. Mkokoteni wa ng'ombe ulipokuja kuichukua, alijiona fundi wa mafundi.

Syokau aliporudi, hata kikapu hajakitua, Jeconia alikuwa mlangoni.

"Mama Ndila, umeniaibisha," alisema. "Hiyo maji ni moto kama ya kuoga. Watu wanakataa kunywa, na jana Mulei, mkata mkonge wangu, ameanguka kwa jua. Udongo yako imeharibika?"

Syokau alikitua kikapu chake. Ndila angeweza kunyamaza, na lawama yote ingeuangukia udongo. Lakini alimhurumia mama yake.

"Mzee, si udongo," alisema. "Ni mimi. Niliipaka rangi."

"Rangi na joto wapi na wapi?" Jeconia aliuliza.

Syokau aliushika mkono wa bintiye, akauweka kwenye mtungi wao wa nyumbani. Ulikuwa na unyevu kwa nje, tena wa baridi. "Mtungi lazima utoe jasho," alisema. "Wewe umeuziba. Mzee Jeconia, nirudishie, nitaitengeneza."

Kesho yake shuleni, Ndila alimweleza Mwalimu Philip yaliyompata. Mwalimu hakumcheka.

"Chembe za maji hushikana sana," alisema. "Ili chembe moja iachane na wenzake na kuwa mvuke, inahitaji joto jingi. Joto hilo huchukuliwa kwenye mtungi, na maji yanayobaki yanapoa. Maji hupenya vitundu vya udongo mpaka nje, na rangi yako iliyafungia mlango."

"Na Mulei, mwalimu?"

"Mwili wake nao hupozwa na jasho. Asipokunywa, jasho hupungua, joto linabaki ndani, naye anaanguka. Kama maji yasingeshikana hivyo, jasho letu lisingetufaa sana. Sisi, na hata miti inayotoa mvuke kwenye majani, tungeteseka kwa jua hili."

Jioni, mitungi iliporudishwa kutoka shambani, Ndila alikusanya kuni na nyasi, na mama yake akairudisha mitungi motoni. Walikaa mbali na moshi huku rangi ikiungua. Mtungi mmoja ulipasuka. Ndila alikanda udongo wa kuufidia kwa siku kadhaa, mikono ikimuuma, na hakulalamika.

Mitungi ilipopelekwa tena shambani, Ndila aliifuata pamoja na mama yake. Jua lilikuwa kali. Maji yalipokwisha kukaa humo kwa muda, Jeconia aligusa mtungi, akachota, akampa Mulei kwanza. Mulei alikunywa kikombe kizima, akakinyoosha aongezewe.

"Sasa hii ni maji," alisema.

Jeconia aligeuka. "Mama Ndila, tengeneza ya kambi zote. Na usiipake rangi."

Wote walicheka, Ndila naye, ingawa aibu ilimshika. Njiani mama yake alipunguza mwendo.

"Ungenyamaza, ningeuacha udongo mzuri nikahangaike kutafuta mwingine, na wale watu wangeendelea kuanguka," alisema. "Kabla ya kupamba kitu, jifunze kwanza kinafanyaje kazi. Na ukijua umekosea, sema papo hapo, kama ulivyosema."