Kamba Iliyofungwa Alfajiri

Haya yalimpata jirani yetu Gebhard, yule mwenye shingo ndefu, aliyekuwa mlinzi wa mteremko wa kutelezea theluji hapa bondeni miaka kumi na tisa. Umbea siupendi, ila jambo lililokwisha kusemwa kanisani si umbea tena.

Kazi yake kila mtu aliijua. Jioni lifti ya viti inayopandisha watelezaji ikisimama, yeye ndiye hufunga kamba nyekundu mwanzoni mwa kila njia kuzuia watu, kisha hushuka wa mwisho. Kila kona husimama akaita, "Yuko mtu?" mara tatu, akatega sikio.

Siku ile ilikuwa ya Karnivali, sherehe za kabla ya Kwaresima. Wenzake walikuwa kibandani chini, supu ya maini mezani, kodiani inalia.

"Gebhard, shuka bwana, supu inapoa!" wakamtania redioni. "Au umeoa huko juu?"

Ilikuwa imebaki njia ya msituni, yenye kona saba. Akaitazama, akaona weupe mtupu. Hakufunga kamba. Hakuita. Akateleza kwa njia kuu, akawaambia wenzake, "Kote hakuna mtu."

Alfajiri bibi Kreszenz akamgongea mlango. Alidhani bintiye Walburga, mwalimu wa kuwafundisha watoto kuteleza, amelala kwa rafiki baada ya ngoma. Kumbe hakufika huko.

Gebhard akajua papo hapo. Akapanda mlimani peke yake, akaifunga ile kamba. Ndipo akawaita wenzake.

Walimkuta Walburga kona ya tano, amekufa kwa baridi, ameegemea msonobari, mguu umevunjika, ubao mmoja tu wa kutelezea umebaki mguuni. Filimbi yake ya kuitia watoto ilikuwa imegandia midomoni.

"Mwalimu mzima anapita chini ya kamba!" kijiji kikasema. "Kajitakia." Hata mimi nilisema, Mungu anisamehe. Kreszenz akaacha kuja dukani, maana alipoingia maneno yalikatika. Na Gebhard? Alibeba jeneza.

Majira ya baridi yaliyofuata, akasimama kona ya tano.

"Yuko mtu?"

Filimbi ikalia. Fupi. Nyembamba.

Akageuka. Nyuma yake theluji ilikuwa na mistari miwili ya mbao zake. Kando yake, mmoja.

Kesho yake mstari ule ulifika kona ya saba. Keshokutwa, kibandani. Siku ya nne, getini kwake.

"Unasikia?" akamnong'oneza mkewe, Ottilie.

"Nisikie nini? Wewe ndiye unayeita watu usingizini."

Akaenda kwa Kreszenz, kofia mkononi. Bibi alikuwa akimenya viazi.

"Mama, kamba niliifunga mimi. Asubuhi. Yeye aliikuta njia wazi."

Kisu hakikusimama. "Wangapi wamemsema mwanangu?"

"Wote."

"Basi waambie wote."

Jumapili, misa ilipokwisha, akasimama mbele akasema. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ile kamba. Hakuna aliyemzomea. Kila mtu alitazama viatu vyake, nami vyangu. Kazi yake ya ulinzi ikaishia hapo.

Alidhani amemaliza.

Theluji ikaanguka mchana kutwa. Ilipokatika, akatoka kufagia mlango. Mstari mmoja ulianzia getini kwake, ukakata barabara, ukaenda hadi kizingitini kwa Kreszenz. Wa kurudi haukuwapo.

Akaufuata. Akatuita na sisi majirani. Peke yake hakuthubutu. Kreszenz alikuwa mezani, vikombe viwili mbele yake, vyote vinatoa mvuke. Chini ya kiti kitupu kulikuwa na kidimbwi cha maji.

"Fungeni mlango," akanong'ona. "Atapata baridi."

Gebhard akanishika mkono, akanionyesha msumari wa kutundikia makoti. Filimbi ilining'inia hapo, inadondosha maji.

Ile ile. Nami ndiye niliyemvalisha Walburga shingoni siku tulipomzika.