Mguu Uliobeba Uzito

Mwalimu Bupe aliiacha ile sanamu stoo jioni ikiwa imesimamia mguu wa kushoto. Asubuhi aliikuta imesimamia wa kulia.

Mtu mwingine asingegundua. Lakini Bupe alifundisha sanaa hapo Nyangoto, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi jambo lile lile: mwili ulionyooka sawasawa ni nguzo tu, uhamishie uzito mguu mmoja, nyonga ipande huku, bega lishuke kule, nao utaonekana unataka kwenda mahali. Kwa hiyo alijua anachokiona. Sanamu ilikuwa imepiga hatua.

Ilikuwa sanamu ya Okal, mume wa Everlyne, mama mwenye nyumba aliyopanga Bupe. Duara, shimo la wachimbaji, lilimfukia wiki tatu zilizopita, mita arobaini chini, na wenzake walishahamia shimo jingine lililosemekana kutema dhahabu. Mwili haungetoka tena. Mama yake Okal, Selestina, alisema wafanye kama Wajaluo wanavyofanya maiti isipopatikana: wazike yago, lile tunda refu, zito kama gogo, watu walie, yaishe. Bupe, mtu wa Tukuyu mwenye shahada na maoni, aliona ni dharau kumzika mume wa mtu kama kiazi. Akajitolea kumfinyanga Okal mwenyewe, nusu ya kimo chake, kwa udongo wa mdomo wa duara lile lile. Aliiga picha iliyokuwa kwenye simu ya Everlyne: Okal akipanda kutoka shimoni, goti juu, kidevu juu, mikono ikitafuta pa kushika.

Everlyne alipoiona alilia, kisha akacheka. "Huyu anapumua, madam," alisema, na Bupe alivimba kichwa siku mbili nzima.

Sasa alijiambia kwamba udongo mbichi hulegea. Ila jua la wiki ile lilikuwa limekausha hata mihogo iliyoanikwa, na sanamu ilikuwa bado inatoa jasho, na stoo nzima ilinuka baruti. Saa sita mchana, akiwa nje anaanua nguo, alisikia kucha zikikwaruza mwamba, na pumzi fupifupi za mtu anayepanda akiwa amebeba mzigo, na alipofungua mlango aliona kwamba shingo imegeukia jiko la Everlyne, goti limeshuka, na mkono wa kulia, ambao yeye mwenyewe aliunyoosha juu kwa vidole vyake kumi, sasa umejikunja pembeni kwa upole, kama mkono uliozunguka kiuno cha mtu, na ndani yake hakuna mtu.

Selestina aliitwa. Hakuvuka kizingiti.

"Nani alikwambia umpe miguu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, nilitaka afanane."

"Yago halina miguu, mwalimu. Halina uso, halina mikono. Ulidhani wazee walishindwa kufinyanga?"

Shahada ya Bupe haikuwa na somo hilo. Alichukua jembe akaipiga sanamu magotini. Jembe lilizama kama kwenye ugali, na alipolichomoa, jeraha lilijifunga polepole mbele ya macho yao. Alipiga tena na tena, mpaka mikono ikamfa ganzi.

Selestina akasema basi, Everlyne aondoke leo hii, avuke mpaka wa Sirari aende kwa dada yake Migori, na yeye Selestina atakwenda kutafuta yago kabla jua halijazama.

Everlyne walimkuta jikoni, amepakua sahani mbili.

"Siendi," alisema, akitabasamu. "Si ulimfinyanga anakuja, madam? Mwacheni afike."

Selestina alishika njia ya mtoni. Bupe alikimbilia barabarani kutafuta bodaboda, akiamini kwamba pikipiki ikishasimama mlangoni mtu hupata akili. Aliporudi nayo, jiko lilikuwa tupu. Chakula cha sahani moja kilikuwa kimeliwa. Mlango wa stoo ulikuwa wazi.

Mkono wa Okal haukuwa mtupu tena. Ulikuwa umemkumbatia mwanamke wa udongo, mbichi, wa kimo sawa na cha sanamu, mwenye sura ya Everlyne, ambaye Bupe hakumfinyanga. Aliusoma ule mwili kama alivyowafundisha wengine kusoma. Mgongo umepinda kwenda nyuma, ukijivuta mbali na kifua cha Okal. Vidole vya miguu vimeinuka. Mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni, pale pale aliposimama yeye.

Uzito wote ulikuwa visiginoni.