Ufa Nyuma ya Kahawa

Mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya sita sasa. Elinipendo alibandika chai, akachukua ndoo kwenda kukamua. Ng'ombe hakutaka kutulia. Alivuta kamba na kutazama mlimani.

Nyuma ya banda, mahali palipokuwa pakavu jana, maji yalikuwa yanachuruzika. Yalikuwa mekundu, yamejaa udongo. Migomba mitatu ilikuwa imeinama upande mmoja, na upepo haukuvuma. Aliporudi, mlango wa jiko ulikataa kufunga. Jana ulifunga vizuri.

Alimweleza mumewe, Eliudi. Eliudi akasema ni mvua tu, Marangu haijaanza kunyeshewa leo. Lakini chai aliinywa amesimama.

Mtu wa kuulizwa alikuwepo. Juu yao aliishi Bibi Ndelilio, mjane aliyekaa miaka mingi kwenye kamati ya mfereji wa kumwagilia, uliopita juu ya mashamba yao. Mteremko ule aliujua kama vyungu vyake. Lakini nyumba hizo mbili zilikuwa hazisalimiani, mwaka wa pili sasa. Eliudi alikuwa ameng'oa masale, mimea ambayo wazee walipanda mpakani, akasogeza mpaka hatua mbili apate majani ya ng'ombe. Bibi hakwenda kushtaki. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulimtisha Eliudi kuliko baraza.

"Nenda kamwulize," Elinipendo alisema.

"Niende na uso gani?"

"Huo huo uliong'olea masale. Watoto wako wanalala chini ya mteremko huu, Baba Loveness."

Eliudi alichuma jani la sale, akalifunga fundo. Kwa Wachagga jani hilo ni ombi la radhi, na anayeletewa hapaswi kulikataa. Alipanda akiteleza.

Bibi alikuwa mlangoni, amevaa koti la marehemu mumewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alilipokea jani, akalitia mfukoni. "Njoo uone."

Nyuma ya kahawa ardhi ilikuwa imepasuka. Eliudi aliingiza mkono kwenye ufa. Uliingia mpaka kiwiko.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu Jumapili. Nilitaka kuja, nikaogopa mtasema nimefuata mpaka wangu."

Eliudi aliinamisha kichwa. Alisema alidhani ujirani ni kila mtu kukaa kwake bila kelele.

"Huo ni mpaka, mwanangu," bibi alisema. "Ujirani ni kuambiana. Hata mimi nimekosa."

Eliudi akamsimulia aliyoyaona mkewe, na bibi akaeleza haraka. Ufa mpya, miti kuinama, mlango kukataa kufunga, maji ya udongo kutokea pasipo na chemchemi: hizo ni dalili kwamba udongo unataka kushuka. Usingoje mvua ikatike. Toa watu kwanza, pitieni pembeni, msikimbilie bondeni. Ukishatoka, usirudie vyombo. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, naye awaonye wengine.

Elinipendo alimbeba mdogo mgongoni. Loveness alishika kamba ya ng'ombe, akilia apewe viatu vyake vya shule. Mama yake hakumruhusu kurudi. Eliudi alimshika bibi mkono, maana nyumba yake nayo haikuwa salama. Wakampitia mwenyekiti kumwarifu, kisha wakaenda kanisani, kwenye tambarare.

Kabla ya adhuhuri ulisikika mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto. Walipotazama, jiko na banda havikuwepo. Palikuwa na tope tu, na mgomba mmoja umesimama mahali pasipo pake.

Elinipendo aliwahesabu watu wake kwa kidole. Akahesabu tena, na safari hii alianza na Bibi Ndelilio.

Mvua zilipokwisha, Eliudi alirudisha masale mahali pake. Bibi alishika mche, yeye akashindilia udongo. Mteremkoni walipanda matete yashike ardhi, na kamati ikahamisha mfereji mbali na ufa. Jiko jipya limejengwa karibu na barabara.

Mawingu yakifunga mlima, bado wanaogopa. Ila anayeona kitu humwambia mwenzake kabla chai haijapoa.